Jinsi ya Kuupa Mtaa Habari Zako: Mwongozo wa Mama Mwenye Kichanga, Mbwa na Muswada

Mwongozo huu ni wa mwanamke mwenye vitu vitatu nyumbani kwa wakati mmoja: mtoto mchanga, mbwa, na muswada ambao mhariri ameshauulizia mara mbili. Vyote vitatu vinataka kulishwa, na hakuna kinachosubiri zamu yake. Kama hayo ndiyo yaliyokukuta, vuta kigoda tuzungumze.

Ninachotaka kukufundisha ni kitu kimoja: kutoa habari. Mama hulelewa na watu waliomzunguka, na watu hawawezi kukupokea mzigo usiowaonyesha. Mbwa naye ni vivyo hivyo. Akifugwa kwa siri huwa hatari ya mtaa. Akifugwa kwa kutangazwa huwa mbwa wa mtaa. Naandika haya nikiwa Kihonda, Morogoro, milima ya Uluguru ikionekana kwa mbali juu ya mabati, na ukuta wangu mmoja nimepakana na bibi mwenye mjukuu wa miaka sita. Hatua ziko saba. Zifuate kwa mpangilio, na ya tano usiiruke.

Vitakavyohitajika

Kanga mbili, ya kumbebea mtoto na ya kujifunga mwenyewe. Kaunta buku na kalamu mbili, maana moja itaishia mdomoni mwa mtoto au wa mbwa. Sabuni ya mche. Sufuria la mbwa ambalo halipikiwi kitu kingine. Kadi mbili, ya kliniki ya mtoto na ya chanjo ya mbwa, zikae kwenye bahasha moja unayoweza kuipapasa hata umeme ukikatika. Na jirani mmoja ambaye ukimwita ukutani anaitika.

Hatua ya 1: Mpe mbwa jina unaloweza kuliita mbele za watu

Jina la mbwa ni kama maandishi ya kanga: msomaji wake ni jirani. Wapo wanaowaita mbwa wao Mtajiju au Hayawahusu, na kila jioni mbwa akiitwa kula, mtaa mzima unapata kipande chake. Usifanye hivyo. Jina utaliita mara ishirini kwa siku kwa miaka zaidi ya kumi, na kila utakapoliita utakuwa unasema na watu.

Wangu nilimwita Karibu. Ni jike wa kienyeji, rangi ya udongo wa kichuguu, miguu ya mbele myeupe kama amekanyaga unga. Nikisimama getini nikaita "Karibu! Karibu!", anayepita na ndoo kichwani hujibu, "Asante, nimeshakaribia," na wengine huingia kweli, wakanywa maji, tukazungumza. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza niliyoupa mtaa: geti la nyumba hii linafunguka.

Hatua ya 2: Ujue mpaka wa jirani na uuheshimu kabla hujaambiwa

Bibi wa ukuta wa pili ni Mwislamu, na kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea kwetu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichoramba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo Karibu havuki kwenda kwake. Kanga aliyonilalia miguuni siendi nayo barazani kwa bibi. Ndoo ya kuazimana ina ndoana yake juu ukutani, mahali ambapo pua ya mbwa haifiki. Sikungoja kuombwa. Siku mbwa alipoingia nyumbani nilikwenda nikamweleza yote haya, na nikamwambia akiona nimeteleza aniite.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tangu siku ile, jua likiwa kali, kuna kopo la maji nje ya ukuta wake, upande wa barabarani. Hamgusi mbwa, mbwa hagusi geti lake, na maji yapo. Ujirani mwema nimeuona kwenye kopo lile.

Hatua ya 3: Mpeleke mbwa kwenye chanjo kama unavyompeleka mtoto kliniki

Kadi ya mtoto unaijua. Akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Anarudi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ya surua ni mwezi wa 9 na wa 18. Kadi ya mbwa ni fupi kuliko hiyo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kama afisa mifugo anavyoagiza, kwa kawaida kila mwaka. Weka alama kwenye tarehe 28 Septemba. Ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule Mfaransa aliyetupatia chanjo hii.

Kuchanja mbwa wako peke yake hakutoshi. Ili ugonjwa ukose njia ya kupita, mbwa wapatao 70 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamechanjwa, na idadi hiyo haifikiwi na familia moja. Basi jioni moja kabla ya chanjo, jitwishe kazi ya kupiga hodi: "Kesho afisa mifugo yupo ofisi ya serikali ya mtaa, leteni mbwa." Nenda hata kwa wasiokusalimia. Kesho yake utaona watoto wakija na mbwa waliofungwa kamba za manila na vipande vya chandarua kuukuu, na kijana mmoja amembeba wa kwake mabegani kama mbuzi wa sikukuu.

Nawakumbusha wanaodhani mbwa asiyechanjwa ni shauri la nyumba yake: mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliingia Serengeti ukaua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Kama simba hakusalimika, mtoto wa jirani atasalimikaje?

Hatua ya 4: Ukiulizwa hali, jibu hali

Mtoto wangu wa pili alizaliwa mwezi wa pili, wakati mvua zinanyemelea. Siku za mwanzo bibi alikuja kila asubuhi kunikanda kwa maji ya moto, akinikandamiza tumbo kwa taulo huku akiniambia nikaze meno. Dada yangu alileta mtori. Mhariri nilimwandikia mistari miwili: nimejifungua, sitaandika mpaka arobaini iishe. Fanya hivyo nawe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, lakini mwandishi anayejitegemea hana wa kumpa likizo mpaka aitangaze mwenyewe. Nilijibiwa, "Hongera. Kula mtori."

Wiki ya tatu Karibu naye akajifungua, watoto sita, nyuma ya nyumba chini ya mabati yaliyobaki kwenye ujenzi. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, na watoto huzaliwa wamefumba macho. Nilikuwa nikinyonyesha dirishani nikimtazama. Akishawanyonyesha, huinuka, akasogea hatua kumi kivulini, akalala amewapa mgongo. Wakilia, hageuki. Sikio moja tu ndilo huelekea nyuma, likapima kilio. Kikiwa cha kugombania nafasi, hubaki alipo. Kikibadilika, huwa ameshafika kabla mimi sijasikia tofauti. Nilijifunza kwake kwamba mama aliyepumzika hajaondoka kazini.

Lakini kuona ni jambo moja na kutenda ni jingine. Kwa wiki tano kila aliyeniuliza "Mzazi hajambo?" nilimjibu "Hajambo," ilhali usiku nilikaa kitandani nikilia bila kujua ninalilia nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Katika kila kliniki ya Jumatatu, pale kwenye benchi la kusubiri mizani, wamo. Wanajibu "Hajambo." Nakusihi wewe usijibu hivyo kama sivyo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa, ila mzazi akiujua peke yake unamlemea.

Hatua ya 5: Mbwa wako aking'ata, uwe wa kwanza kusema

Siku ya 36 ya arobaini yangu, saa kumi jioni, mpira uliruka ukuta, na mjukuu wa bibi akaufuata kupitia geti. Watoto wa mbwa walikuwa ndiyo kwanza wamefumbua macho. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni akiinama kumchukua mmoja, na kabla sijaita, Karibu alikuwa ameshamshika mkono akamwachia. Mara moja tu. Chini ya kiwiko kulikuwa na alama mbili, na kwenye mojawapo tone la damu kama punje ya mtama.

Mtoto hakulia. Alinitazama akasema, "Usimwambie bibi."

Hakuna mwingine aliyeona. Alama zile zingefichika chini ya mkono wa shati, na mimi nilimpenda mbwa wangu na niliogopa maneno ya watu. Kwa kitambo cha pumzi moja nilitaka kukubali. Nakueleza hili ili likikufika ujue kwamba kishawishi hicho kitakuja kwa sauti ya mtoto, tena kwa upole. Kikatae. Fanya haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mpeleke mtoto bombani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Sisi tulihesabu madaftari yake, walimu wake, kisha mabao yote aliyofunga tangu shule ifunguliwe. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, huingilia kwenye jeraha na kupanda kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Povu la sabuni huvivunja vikiwa bado mlangoni. Usipake pilipili, ugoro, majivu wala mafuta ya taa.

Pili, chukua bahasha ya kadi. Tatu, nenda kwa wenyewe kwa miguu yako. Usimtume mtu wala usipige simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Akatazama miguu yangu kizingitini. "Umetoka nje na arobaini haijaisha?"

"Bibi, Karibu amemng'ata mtoto. Nimeona mwenyewe. Nimeshamuosha kwa sabuni, kadi ya chanjo hii hapa. Twende hospitali."

Aliushika mkono wa mjukuu, akaugeuza, akaiangalia kadi, akaniangalia mimi. Nilikuwa tayari kwa neno lolote. Akasema, "Ngoja nichukue baibui."

Bajaji ilitubeba wanne: bibi, mjukuu, mimi na kichanga kifuani. Njiani nilimkumbuka Joseph Meister. Mwaka 1885, kijana huyo wa miaka tisa kutoka Alsace aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, na tarehe 6 Julai akaanza kupewa chanjo ya Pasteur. Alichomwa sindano 13 kwa muda wa siku kumi hivi. Akaishi, na baadaye akawa mlinzi wa mlango katika Taasisi ya Pasteur kule Paris. Watu humkumbuka daktari na mtoto. Mimi huwakumbuka wawili waliofuatana naye kwenye safari ile: mama yake, na Théodore Vone, mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mbwa. Mama wa aliyeng'atwa na mwenye mbwa walifika Paris kwa pamoja, mlango mmoja, kwa daktari mmoja. Sijui kama ipo picha nyingine bora ya ujirani kuliko hiyo.

Hospitali, muuguzi aliipokea kadi, akauliza maswali yake, akamwanzishia mtoto chanjo na kumwandikia tarehe za kurudi. Usikate shauri mwenyewe kwa kuwa mbwa wako ana kadi. Kadi ni ya kumsaidia mtaalamu kuamua. Gharama ni za mwenye mbwa. Na usisahau kwa nini tunakimbia hivi: dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto wa umri wa kusema "Usimwambie bibi."

Hatua ya 6: Toa taarifa siku kumi

Mbwa aliyeng'ata hufungwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Kama mate yake yalikuwa na virusi siku ile, ndani ya muda huo ataugua au atakufa. Angalia sauti ikibadilika, udenda ukimtoka, akishindwa kumeza, akiwa mkali bila sababu au mnyonge bila sababu.

Nilimfunga Karibu kwa mnyororo mrefu, watoto wake wakiwa naye. Kila asubuhi saa moja nilisimama ukutani na kutoa taarifa.

"Bibi, Karibu kaamka. Kala ugali na dagaa. Kanywa maji. Hana udenda."

"Alhamdulillahi. Na huku mtoto kaamka vizuri."

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mama wa genge, akinipimia nyanya, aliniuliza, "Leo ya ngapi?" Nikamjibu ya tatu. Muuza maji akauliza. Mwenyekiti wa mtaa akapita kuuliza. Hakuna aliyekuja kugomba, kwa sababu habari ilitoka kwangu ikiwa nzima, na kila asubuhi iliongezewa kipande. Habari iliyofichwa hukuzwa na watu. Habari iliyotolewa watu huitunza.

Siku ya nne nilimaliza taarifa yangu kama kawaida: kaamka, kala, kanywa. Upande wa pili wa ukuta pakawa kimya kidogo.

"Na wewe je, umekula?"

Nilikuwa nimeulizwa hali na watu wengi tangu nijifungue, lakini si kwa mpangilio ule, baada ya mbwa, kama kitu cha pili kwenye orodha ya vitu vya kuangaliwa. Nikajikuta najibu kama nilivyozoea kujibu pale ukutani, yaani ukweli.

"Sijala tangu jana mchana, bibi. Silali. Nalia usiku."

Sikusikia jibu. Nilichosikia ni geti lake, kisha langu. Bibi aliingia uani kwangu kwa mara ya kwanza tangu Karibu ajifungue, amekusanya upindo wa baibui mkononi, akapita mbali na mnyororo. Karibu aliinua kichwa, akamtazama, akakirudisha chini. Bibi akanyoosha mikono. "Mlete. Wewe kalale."

Nililala mpaka adhuhuri. Kulikuwa na uji mezani, na mtoto alikuwa ameogeshwa. Siku ya sita alinisindikiza kliniki, akakaa kwenye benchi huku mimi nikimweleza muuguzi kwa maneno yaleyale: sijala, silali, nalia. Muuguzi hakushangaa. Aliniambia jambo hili lina jina na lina matibabu, akanipangia siku za kurudi. Kama hilo ni lako pia, nenda. Huhitaji kung'atiwa mtoto na mbwa ndipo uulizwe.

Siku ya kumi Karibu alikula, akanywa, akalala jua likimpiga tumboni. Nikaufungua mnyororo.

Hatua ya 7: Siku ya kumi na moja, usinyamaze

Dharura ikiisha watu wengi hufunga mlango. Hapo ndipo mtaa unaporudi kukisia. Endelea kutoa habari hata zikiwa ndogo. Waambie watoto wa mtaa namna ya kumkaribia mbwa: mtoto asimame, aombe ruhusa ya mwenyewe, amwache mbwa amnuse mkono, na asimguse mbwa anayekula wala anayenyonyesha. Mjukuu wa bibi sasa ndiye mwalimu wa somo hilo, na huonyesha alama zake kama ushahidi. Watoto wa Karibu walipofika wiki nane niliwagawa kwa watu ninaowajua, na kila aliyechukua aliandikwa kwenye kaunta buku pamoja na mwezi ambao mtoto wake atatakiwa kuchanjwa. Mmoja yuko kwa mama wa genge. Mwingine yuko kwa mwenyekiti.

Lakini mimi mwenyewe karibu niikose hatua hii. Asubuhi ya kumi na moja niliona taarifa imekwisha kazi yake. Mtoto alikuwa amelala, arobaini ilikuwa imepita, nikaketi na muswada kwa mara ya kwanza. Saa moja ikafika, ikapita. Mara nikasikia ukuta unagongwa kwa mchi wa kinu, mara tatu.

"We mwanangu! Leo hujanipa habari."

Nikainuka, kaunta buku mkononi, nikasimama pale pale.

"Bibi, Karibu kala. Watoto wake wameota meno, wanamuuma, anawakimbia. Mtoto kanyonya. Mimi nimelala saa nne mfululizo na nimekula viazi. Na nimeandika mistari mitatu."

"Mitatu tu?"

"Mitatu, bibi."

"Haya. Kesho uniambie minne."